Rangi ya moto hutaja kilichomo ndani yake

SUFURIA ya maharage inapofurika kwenye jiko la gesi, mpishi hukimbilia kupunguza moto na kufuta povu. Ni wachache wanaotazama kinachotokea chini ya sufuria katika sekunde hizo. Mwali uliokuwa wa buluu na mtulivu hugeuka ghafla kuwa wa njano iliyokolea, huwaka hivyo kwa muda mfupi, kisha hurejea katika rangi yake ya awali kana kwamba hakuna kilichotokea.

Gesi haikubadilika wala jiko halina hitilafu. Kilichoingia motoni ni mchuzi wenye chumvi, na chumvi hiyo ndiyo iliyoupaka mwali rangi. Kwa lugha ya wanakemia, sodiamu iliyomo katika chumvi imejitambulisha. Ingalikuwa chumvi ya shaba, mwali ungegeuka kijani. Ingalikuwa ya stronshiamu, ungekuwa mwekundu, na ya potasiamu ungetoa rangi ya zambarau iliyopauka.

Jambo hilo linaloonekana kuwa dogo limewapa wanasayansi uwezo wa kujua jua limeumbwa kwa nini bila kulifikia. Lakini lina manufaa yaliyo karibu zaidi na nyumbani, kwani mtu anayejua kusoma rangi ya moto anaweza kutambua jiko linaloweza kumuua, moshi asiopaswa kuuvuta, na jaribio la darasani ambalo halifai kufanywa.

Kwanza ni vyema ieleweke kwamba chumvi haiungui. Kuni, mkaa, mafuta ya taa na gesi huungua, maana yake huungana na oksijeni na kutoa joto. Chumvi ya mezani haifanyi hivyo. Huyeyuka inapofikia nyuzi joto 801 za sentigredi, na ikiendelea kupashwa moto hugeuka mvuke. Ndani ya mwali wa gesi, matone ya mchuzi hukauka, punje za chumvi huyeyuka na kuwa mvuke, na sehemu ya mvuke huo huvunjika na kuwa atomu moja moja za sodiamu zinazoelea katika joto kali.

Kila atomu ina kiini na elektroni zinazokizunguka. Elektroni hizo haziwezi kukaa popote zipendapo. Zina vidato vyake, mfano wa ngazi ya nyumba, ambapo mtu anaweza kukanyaga kidato cha kwanza au cha pili lakini hawezi kusimama hewani katikati ya viwili hivyo. Joto la moto huigonga elektroni ya nje ya sodiamu na kuipandisha kidato cha juu. Haidumu huko. Katika muda mfupi mno, usiofikia hata sehemu moja ya milioni ya sekunde, huanguka tena chini, na nishati iliyokuwa imepewa huitoa kama mwanga.

Kwa kuwa umbali kati ya vidato haubadiliki, mwanga unaotolewa nao haubadiliki. Kwa sodiamu ni mwanga wa njano wenye urefu wa mawimbi wa takriban nanomita 589, uwe umetoka Dar es Salaam, Tokyo au kwenye nyota. Lithiamu, yenye ngazi nyingine, hutoa wekundu wa nanomita 671. Hakuna elementi mbili zenye ngazi zinazolingana kabisa, na hii ndiyo sababu rangi inaweza kutumika kama jina. Maelezo haya ya vidato yalianza kushika mizizi mwaka 1913, pale Niels Bohr wa Denmark alipoyatumia kueleza mwanga wa haidrojeni, ingawa watu walikuwa wakizitumia rangi hizo kwa zaidi ya miaka 150 bila kujua zinatoka wapi.

Katika chumvi nyingi za kawaida, mwenye kutaja jina ni metali, si mwenzake aliyeungana naye. Chumvi ya mezani, soda ya kuokea mikate na magadi ni vitu vitatu tofauti ulimini, lakini vyote vitatu vina sodiamu na motoni hutoa njano ileile. Punje ya magadi kutoka Ziwa Magadi nchini Kenya haiwezi kutofautishwa kwa rangi ya mwali na punje ya chumvi ya Uvinza.

Vilevile, yeyote anayetupa unga motoni mbele ya watu na mwali ukageuka kijani hajaita mizimu wala hajathibitisha nguvu zozote. Mrututu, ile dawa ya buluu ya mimea ambayo kitaalamu ni salfeti ya shaba, unatosha kwa kazi hiyo.

Hata hivyo, si kila njano ya moto ni sodiamu, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwali wa kibatari au wa mshumaa ni wa njano kwa sababu nyingine kabisa. Mafuta na nta havipati hewa ya kutosha kuungua moja kwa moja, hivyo ndani ya mwali hubaki chembe ndogo za kaboni. Chembe hizo hupata moto na kung'aa kama kipande cha chuma kilichotolewa kwenye tanuri la mhunzi. Zinapotoka kwenye mwali bila kuungua ndizo hugeuka masizi yanayopaka bati na kuta weusi.

Kwenye jiko la gesi, tofauti ya njano hizo mbili ni tofauti ya usalama. Njano ya chumvi huja ghafla na kupita. Njano inayokaa, hasa ikiambatana na masizi chini ya sufuria, inaonyesha kwamba gesi haichanganyiki na hewa vya kutosha. Mara nyingi matundu ya jiko yameziba kwa uchafu au mafuta. Gesi isiyoungua ipasavyo huzalisha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi, harufu wala ladha, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Dawa ya jiko la namna hiyo ni kulisafisha au kulipeleka kwa fundi, na kufungua madirisha wakati huohuo.

Jiko la mkaa huleta mtego wa aina nyingine, kwa sababu hapo rangi ya hatari ni ya buluu. Mkaa unapoanza kukolea, juu yake huonekana ndimi fupi za buluu zikichezacheza. Hiyo ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua. Hewa hiyo huzaliwa ndani ya rundo la mkaa, kule oksijeni inakokuwa haba, kisha huwaka inapokutana na hewa safi juu ya jiko. Ni kosa kudhani kwamba ndimi hizo zikitoweka hatari nayo imekwisha. Mkaa mwekundu uliotulia huendelea kuizalisha. Tofauti ni kwamba sasa inaweza kutoka bila kuwaka na bila kuonekana. Taarifa za familia zilizokutwa zimefariki baada ya kulala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa zimekuwa zikijirudia nchini Tanzania na Kenya, hususan katika msimu wa baridi. Aliyeingiza jiko hilo ndani mara nyingi alisubiri kwanza moshi uishe, akaamini kwamba lililobaki ni joto tupu.

Rangi nyingine inayopaswa kuwashtua wakazi wa mijini ni kijani. Mahali panapokusanywa vyuma chakavu, waya za umeme huchomwa ili plastiki iishe na shaba ibaki. Moto wa kazi hiyo huwa na miali ya kijani, wakati mwingine kijani kinachoelekea buluu. Shaba inahusika, lakini haiko peke yake. Plastiki inayofunika waya nyingi ni PVC, na ndani ya PVC mna klorini kwa wingi. Joto huiunganisha klorini na shaba, na kloridi ya shaba inayopatikana hugeuka mvuke kwa urahisi na kuupaka moto rangi kali kuliko ambavyo shaba tupu ingefanya.

Wanakemia wamekuwa wakilitumia jambo hilo kwa makusudi tangu mwaka 1872, pale Friedrich Beilstein alipoeleza namna ya kutambua klorini kwa kutumia waya wa shaba. Waya hupashwa moto hadi mwali usiwe na rangi, huguswa kwenye kitu kinachochunguzwa, kisha hurudishwa motoni. Kijani kikitokea, kuna dalili kwamba klorini au mojawapo ya ndugu zake imo. Kijana anayechoma waya dampo hufanya jaribio hilohilo kwa kiwango kikubwa, na jibu liko mbele ya macho yake kila siku.

Jibu hilo si jema. Klorini, kaboni na shaba vinapokutana katika moto hafifu wenye moshi huzalisha dioksini, kundi la sumu zinazoweza kusababisha saratani na kuvuruga ukuaji wa mtoto tumboni. Shaba yenyewe huharakisha utengenezaji wake. Sumu hizo hazioshwi na mvua zikaisha. Hutua kwenye udongo, hudonolewa na kuku na kurudi mezani kupitia mayai. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Tanzania na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, umeitaja kwa jina shughuli ya kuchoma waya za shaba kuwa miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. La kusikitisha ni kwamba hata kibiashara uchomaji huo hauna tija kubwa, kwa kuwa shaba iliyochunwa kwa kisu hubaki safi na kwa kawaida huwekwa daraja la juu kuliko iliyochomwa ikaingia weusi.

Mahali ambapo Watanzania wengi hukutana na rangi za moto kwa utaratibu ni maabara ya sekondari. Katika mtihani wa vitendo wa kemia, mwanafunzi hupewa chumvi isiyotajwa jina na kutakiwa kuitambua. Miongoni mwa hatua za mwanzo ni kuipasha moto ndani ya neli ya kioo na kuangalia kinachotokea, na nyingine ni kuiweka kwenye mwali na kusoma rangi.

Hatua ya kupasha moto pekee husema mengi kwa anayekaa kuitazama. Fuwele za mrututu hupoteza maji yaliyofungwa ndani yake, matone yakajikusanya kwenye mdomo wa neli, na buluu yake ikafifia hadi ukabaki unga mweupe. Tone moja la maji huirudisha buluu hiyo papo hapo, na ndiyo maana unga huo hutumika kuthibitisha kama kimiminika fulani kina maji. Kaboneti ya shaba, iliyo ya kijani, hugeuka nyeusi. Nitreti ya risasi, ile metali nzito, hulia kama bisi zinazopasuka na kutoa moshi wa kahawia ambao haufai kuvutwa. Oksaidi ya zinki huwa ya njano ikiwa ya moto na nyeupe ikipoa, jambo ambalo huwaponza wanaoandika majibu kabla neli haijapoa.

Kaboneti ya kalsiamu haionyeshi mabadiliko yoyote ya rangi, lakini mabadiliko yake ndiyo yaliyojenga miji ya pwani. Mawe ya matumbawe yaliyochomwa katika matanuri ya kuni hupoteza hewa ya kaboni dayoksaidi na kubaki chokaa, na chokaa hiyo ndiyo iliyoshikilia kuta za Kilwa, Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Kipimo cha mwali chenyewe ni chepesi kukieleza na kigumu kukifanya vizuri. Waya wa platinamu au wa nikromu huchovywa katika asidi ya haidrokloriki na kuchomwa, tena na tena, hadi usitoe rangi yoyote. Asidi hiyo haisafishi tu. Huigeuza chumvi kuwa kloridi, ambayo hupanda kuwa mvuke kwa wepesi zaidi. Ndipo waya hugusishwa kwenye chumvi na kuwekwa pembeni mwa mwali usio na rangi. Kalsiamu hutoa wekundu wa matofali, stronshiamu wekundu mkali, bariamu kijani cha tufaha bichi, shaba kijani chenye buluu.

Adui mkubwa wa kipimo hiki ni sodiamu. Iko kwenye jasho la vidole, kwenye vumbi, kwenye kioo, na kwenye maji ya bomba, na njano yake hufunika rangi za wengine hata ikiwa kidogo mno. Potasiamu ndiyo huonewa zaidi, kwa vile zambarau yake ni dhaifu. Walimu wazoefu huwapa wanafunzi kipande cha kioo cha buluu chenye kobalti ili watazame mwali kupitia humo. Kioo hicho huizuia njano na kuiacha zambarau ipite. Shule isiyo na kioo hicho, na ambayo kwa kukosa gesi hutumia kichomeo cha spiriti au jiko la mafuta ya taa, humwekea mwanafunzi wake mtihani mgumu kuliko wa mwenzake, kwa sababu mwali wa utambi tayari una rangi yake. Kumlaumu mwanafunzi wa namna hiyo kwa kuandika sodiamu pasipo sodiamu ni kumwonea.

Upungufu wa vifaa si hatari pekee. Kuna onyesho linalopendwa sana na walimu duniani, ambapo chumvi mbalimbali huwekwa kwenye vibakuli, hutiwa methanoli na kuwashwa ili darasa lione rangi za upinde wa mvua zikiwaka safu moja. Linapendeza, na limeumiza watu wengi. Methanoli hutoa mvuke unaoshika moto hata katika joto la kawaida la chumba, na mwali wake hauonekani kwa urahisi mchana. Rangi zinapofifia, mwalimu hudhani moto umezimika na kumimina methanoli zaidi moja kwa moja kutoka kwenye chupa kubwa. Mvuke huwaka, moto huingia ndani ya chupa, na kilichobaki humo hutupwa nje kama mkondo wa moto unaoweza kuwafikia waliokaa mbali.

Mwezi Desemba 2013 bodi ya serikali ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilitoa filamu ya tahadhari, ikitumia simulizi ya msichana aliyeungua mwaka 2006 katika onyesho la aina hiyo. Wiki chache baadaye, Januari 2014, wanafunzi wawili waliungua katika shule ya sekondari jijini New York kwa onyesho lilelile. Septemba mwaka huohuo watu 13, wengi wao watoto, walijeruhiwa katika jumba la makumbusho ya sayansi huko Reno, jimbo la Nevada, methanoli ilipowaka wakati ikimiminwa.

Hakuna sababu ya onyesho hilo kuendelea popote, Afrika Mashariki ikiwamo, kwa kuwa mbadala wake ni rahisi na haugharimu kitu. Vijiti vya mbao, hata vile vya mishikaki, hulowekwa usiku kucha katika maji yenye chumvi inayohusika, kila chumvi na chombo chake. Siku ya pili kijiti hupitishwa kwenye mwali kabla mbao haijaanza kuungua, na rangi hujitokeza bila tone la kimiminika kinachowaka kuwa karibu. Tahadhari hubaki kwa chumvi za bariamu, ambazo ni sumu zikimezwa, na kwa kichomeo cha spiriti, ambacho hakipaswi kuongezwa spiriti kikiwa kinawaka au kikiwa bado cha moto.

Waliouvusha ujuzi huu kutoka mezani hadi angani walikuwa maprofesa wawili wa Chuo Kikuu cha Heidelberg nchini Ujerumani. Tayari katika miaka ya 1750 mwanakemia Andreas Marggraf wa Berlin alikuwa ameonyesha kwamba chumvi za sodiamu na za potasiamu hutofautishwa kwa njano na zambarau ya miali yake. Tatizo lilikuwa jicho. Rangi mbili zikichanganyika, jicho haliwezi kuzitenganisha, na lithiamu na stronshiamu zote ni nyekundu.

Robert Bunsen, ambaye kichomeo chake cha mwaka 1855 kilitoa mwali usio na rangi yake binafsi, alijaribu kuzichuja rangi hizo kwa vioo na vimiminika vyenye rangi. Mwenzake mwanafizikia, Gustav Kirchhoff, alimshauri aache hayo na aupitishe mwanga kwenye prizimu, kipande cha kioo chenye pembe tatu kinachoutandaza mwanga. Walipofanya hivyo, waliona kwamba kila metali haitoi utepe mzima wa rangi bali mistari michache myembamba, kila mmoja mahali pake pasipobadilika. Mistari ya lithiamu haikuangukia ilipo ya stronshiamu. Mchanganyiko haukuwa tena kikwazo.

Ili kupima ukali wa chombo chao, walilipua miligramu 3 za klorati ya sodiamu kwenye kona ya chumba, mbali na chombo, wakasubiri hewa ichanganyike. Dakika chache baadaye mstari wa njano ulijitokeza kwenye mwali na kudumu kama dakika 10. Kwa hesabu yao, chombo kiliweza kutambua sodiamu isiyofikia sehemu moja ya milioni tatu ya miligramu moja. Kwa kipimo hicho inaeleweka kwa nini mwanafunzi mwenye vidole vyenye jasho huiona sodiamu kila mahali.

Mwaka 1860 waliona mistari miwili ya buluu wasiyoijua katika chumvi iliyotokana na maji ya chemchemi ya mji wa Dürkheim. Waliita elementi hiyo mpya kwa neno la Kilatini la buluu ya anga, ambayo leo ni sisiamu. Ilibidi zaidi ya tani 40 za maji hayo zichemshwe ili kupata gramu chache tu za chumvi yake. Mwaka uliofuata wakaongeza rubidiamu, iliyojulikana kwa mistari yake myekundu.

Kirchhoff naye alikuwa akitazama juu. Ilifahamika tangu mwaka 1814, kwa kazi ya Joseph von Fraunhofer, kwamba utepe wa rangi za jua umekatwa na mamia ya mistari myeusi, na kwamba miwili kati yake iko mahali palepale penye njano ya sodiamu. Mwaka 1859 Kirchhoff aliupitisha mwanga mkali wa jua kwenye mwali wenye chumvi, akitarajia njano ya mwali iuzibe weusi ule. Weusi ulizidi. Alitambua kwamba sodiamu, pamoja na kutoa mwanga wake, huumeza mwanga huohuo unapotoka nyuma yake, na kwamba mistari myeusi ya jua ni alama ya metali zilizo katika mvuke unaolizunguka.

Mwanafalsafa Mfaransa Auguste Comte alikuwa ameandika mwaka 1835 kwamba binadamu hatajua kamwe nyota zimeumbwa kwa kemikali gani. Alifariki mwaka 1857, miaka miwili tu kabla ya jibu kupatikana katika mwali wenye chumvi.

Kutoka hapo njia inafika hadi Tanzania. Wakati wa kupatwa kwa jua Agosti 1868, wanajimu waliona mstari wa njano ulio karibu sana na wa sodiamu lakini usioangukia mahali pake. Mwingereza Norman Lockyer alidai ni elementi isiyojulikana duniani, ikaitwa heliamu kwa jina la Kigiriki la jua. Ilichukua hadi mwaka 1895 kwa William Ramsay kuipata katika jiwe lenye urani. Juni 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza kwamba gesi hiyohiyo, inayohitajika kupoza mashine kubwa za uchunguzi hospitalini, imo kwa wingi chini ya ardhi ya bonde la Rukwa.

Hospitali zenyewe zilitegemea rangi za moto kwa miongo mingi. Mgonjwa aliyeishiwa maji kwa kuhara hupoteza potasiamu, na ikipungua mno moyo huvurugika. Maabara zilinyunyizia majimaji ya damu katika mwali na kupima kwa chombo ukali wa njano na zambarau, na kutoka hapo daktari alijua kiasi cha sodiamu na potasiamu. Sehemu nyingi leo zimehamia vipimo vya umeme. Katika maabara za madini na za maji bado hutumika ndugu wa njia hiyo iliyobuniwa na Alan Walsh wa Australia katika miaka ya 1950, ambayo hupima mwanga unaomezwa badala ya unaotolewa. Kwa njia hiyo risasi katika maji au dhahabu katika sampuli ya mwamba hukadiriwa.

Wapo wasioziona rangi hizi kabisa, kwani upofu wa rangi ni wa kurithi na huwapata wanaume zaidi. Mwanafunzi mwenye hali hiyo anaweza kuzaliwa, kukua na kufika kidato cha nne bila yeye wala mwalimu wake kujua, hadi kipimo cha mwali kimwumbue. Ferdinand Reich, profesa wa chuo cha madini cha Freiberg nchini Ujerumani, alikuwa mmoja wao. Mwaka 1863, akichunguza mawe yenye zinki, alimwomba msaidizi wake Theodor Richter amtazamie ndani ya spektroskopu. Richter aliona mstari wa rangi ya nili ambao haukuwa wa elementi yoyote iliyojulikana, na kwa rangi hiyo wakaiita indiamu. Oksaidi yake iliyochanganywa na bati hupitisha umeme huku ikiacha mwanga upite, na ndiyo iliyopakwa kama utando mwembamba kwenye vioo vingi vya simu za kugusa.